Laptopu Mpya, Printa ya Zamani: Nani Amfuate Mwenzake?

Laptopu ya shule ikifa mlimani, inaacha yatima mezani. Hapa yatima ni watatu: printa ya HP LaserJet 1020, skana nyembamba ya Canon aina ya LiDE 20, na projekta ambayo waya wake unaishia kwenye kichwa cha bluu chenye skurubu mbili ubavuni. Vyote vitatu vinawaka vizuri. Kilichokufa ni kile kilichokuwa kikiviamuru.

Kutoka Rurambo, milimani mashariki mwa Kongo, mpaka duka la kompyuta ni safari ya kuteremka milima hadi bonde la Ruzizi, kisha kushika barabara ya taifa namba 5 kuelekea Uvira. Anayeteremka hatarudi kesho yake kubadilisha bidhaa. Ndiyo maana swali la laptopu gani inunuliwe linabishaniwa kwa muda mrefu kabla ya pikipiki kuwashwa. Tuwakalishe wabishi watatu kwenye meza hiyo, kila mmoja kwa kazi yake na si kwa jina. Wa kwanza ni Mwalimu, anayechapa mitihani na matokeo ya wanafunzi. Wa pili ni Mama wa Sekretaria, mwenye kibanda cha kuandika, kuchapa na kunakili karatasi mjini, kile ambacho Wakongo hukiita sekretaria publiki. Wa tatu ni Fundi, kijana wa sokoni anayefungua mashine za watu tangu asubuhi hadi giza.

Mwalimu ndiye mwenye msiba, kwa hiyo anaanza yeye. Anachotaka ni laptopu itakayovikubali vitu vyake vyote vitatu kama ile ya kwanza ilivyovikubali, ambayo ilikuwa na Windows 7. "Mimi sinunui meza mpya," anasema. "Nanunua kitu kimoja tu. Nikilazimishwa kununua na printa, na skana, na projekta, basi heri turudi kwenye ubao na chaki."

Mama hakubali. Kwake yeye kifaa cha zamani ni mgeni asiyeaga: kila mwaka kinadai waya huu, kidude kile, na fundi wa kukibembeleza. "Mwalimu, unachagua farasi kwa kupima tandiko," anamwambia. Ushauri wake ni kununua laptopu mpya nyembamba inayochajiwa kwa tundu la USB-C, maana tundu hilo linapokea umeme kutoka chaja nyingi, hata zile za magari zinazofungwa kwenye betri ya sola. Kisha, pesa zikipatikana, itafutwe printa ya wino wa matangi. Leza ya zamani iuzwe kwa atakayeitaka.

Fundi amekaa kimya, anaigeuza skana chini-juu kusoma kibandiko chake. Hatimaye anasema: "Wote wawili mnaangalia tundu. Tundu si tatizo. Niambieni, dereva yuko wapi?"

Mwalimu anacheka, lakini neno lenyewe ni la kweli. Kila kifaa kinahitaji programu ndogo inayokiendesha kutoka ndani ya kompyuta, na mafundi huiita dereva. Basi likiwa zima, na barabara nzuri, na abiria wamelipa, bila dereva halitoki kituoni. Printa ya Mwalimu na skana yake zote huingia tundu lile lile la USB la kompyuta, lile bapa ambalo kila mtu mwenye flashi analijua. Kwa macho ni ndugu. Kwa dereva, hatima zao zimetengana kabisa.

Skana ya LiDE 20 ni ya mwanzo wa miaka ya 2000, enzi ya Windows XP, wakati kompyuta nyingi za watu zilikuwa za biti 32. Canon haikuitengenezea dereva wa biti 64. Na Windows ya biti 64 haimpokei dereva wa biti 32, hata umsihi vipi. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32, ila Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haina toleo hilo. Maana yake ni kwamba laptopu yoyote yenye Windows 11, iwe ya bei gani na iwe na matundu mangapi, haitaiona skana hiyo kwa njia ya mtengenezaji wake. Waya utaingia vizuri na taa itawaka. Karatasi haitasomwa.

Printa ya 1020 ilipona. HP iliitoa mwaka 2005, na baadaye ikaiwekea dereva wa biti 64 kwa Windows za wakati ule. Dereva huyo ndiye mafundi wanayeendelea kumweka kwenye Windows 10 na 11. Lakini nayo ina tabia yake. Haina akili nyingi ndani: kazi ya kupanga ukurasa inafanywa na kompyuta, na kila inapowashwa printa inasubiri kompyuta iipe programu yake ya ndani, ndipo iamke. Kwa hiyo bila dereva haiwezi hata kujikongoja. Haiko kama zile printa za ofisi zinazoelewa lugha za kawaida za uchapaji.

"Si nilisema?" anadakia Mama. "Moja imekufa, nyingine inaishi kwa dripu. Unazihifadhi za nini?"

Fundi anamjibu kwa kisa kutoka mbali. Kampuni ya magari ya McLaren huko Uingereza ilitengeneza gari la F1 katika miaka ya 1990, magari 106 tu kwa jumla, na leo moja linauzwa kwa mamilioni ya dola. Mwaka 2016 ilijulikana kwamba mafundi wa kampuni hiyo walikuwa bado wanayahudumia magari hayo kwa laptopu ya Compaq LTE 5280 ya miaka ile ile ya 1990, kwa sababu kadi maalumu ya kuzungumza na gari ilitengenezwa kwa ajili ya laptopu hiyo. Walikuwa wakizitafuta hizo Compaq kuukuu kama mtu anavyotafuta dawa. "Mama, matajiri nao wana yatima mezani," anasema Fundi. "Tofauti ni kwamba wao walihesabu: gari lina thamani kuliko laptopu, basi laptopu ilifuate gari."

Hesabu hiyo ndiyo Mwalimu alikuwa hajaifanya. Je, printa yake ina thamani gani? Katriji yake ni ile ya 12A, yenye makadirio ya kurasa 2,000, na inatumika kwenye printa nyingi za HP za enzi hiyo. Unga wake, yaani tona, hujazwa upya na mafundi wa mjini. Printa ambayo tona yake inapatikana na fundi wake yupo si takataka. Mama mwenyewe anakubali hapo, kwa shingo upande: kibandani kwake iko moja kama hiyo, nyuma ya pazia, kwa ajili ya siku mashine kubwa ikigoma.

Halafu anarudi na hoja nyingine, na hii ni nzito kwa Rurambo. Leza inakula umeme. Roli yake ya kuyeyusha unga lazima ipashwe moto, na wakati huo inavuta mamia ya wati. Kibadilishi kidogo cha umeme wa sola kinapiga kelele na kujizima. Printa ya wino inatosheka na wati chache tu. Mjini kuna umeme wa SNEL, shirika la taifa la umeme, ingawa nao hukatika. Mlimani kuna pano juu ya bati na betri moja inayogombaniwa na simu za kijiji kizima.

"Mama, shule inachapa lini?" anauliza Fundi. Mwalimu anajibu yeye: mwisho wa muhula, usiku na mchana kwa wiki moja, kisha kimya. Basi hapo ndipo wino wa maji unaposhindwa. Ukikaa wiki nyingi bila kuchapa, unakauka kwenye matundu madogo ya kichwa cha printa, na kukisafisha kunamaliza wino mwingine. Unga wa leza haukauki. Utaukuta kama ulivyouacha. Kwa kibanda cha Mama kinachochapa kila siku, matangi ya wino yana faida kubwa. Kwa shule inayochapa kwa msimu, leza pamoja na jenereta ya kukodi wiki hiyo moja inaweza kushinda. Mashine zile zile, matumizi tofauti, jibu tofauti. Na Mama ni mfanyabiashara, hesabu hiyo anaielewa bila kuandikiwa.

Ikabaki projekta. Hii ni mali ya shule wiki nzima na ya kanisa siku ya ibada, kwa hiyo kuipoteza ni kugombana na watu wengi. Kichwa chake cha bluu chenye pini 15 kinaitwa VGA, na kilianza na kompyuta za IBM mwaka 1987. Desemba 2010 Intel, AMD na watengenezaji kadhaa wa kompyuta na skrini walitangaza kwamba wataiacha ifikapo 2015, na kweli laptopu nyingi za nyumbani za leo hazina tundu hilo. Zina HDMI au USB-C pekee.

Mwalimu anaogopa, lakini hapa Fundi anamtuliza. Projekta haihitaji dereva wake maalumu. Inahitaji mkalimani wa umeme tu. HDMI inasema kwa tarakimu na VGA inasema kwa mawimbi, kwa hiyo kidude cha katikati lazima kiwe na chipu ndani inayotafsiri. Waya mtupu wenye HDMI upande mmoja na VGA upande wa pili, bila chipu, haufanyi kitu, hata ukiwa mzuri vipi kwa sura. Vilevile kidude cha HDMI kwenda VGA hakigeuzwi kufanya kazi ya VGA kwenda HDMI. Na sauti haipiti kwenye VGA kabisa: filamu ya Yesu itaonekana ukutani na sauti itabaki kwenye laptopu, mpaka spika zichomekwe kwenye tundu la hedifoni.

"Kwa hiyo laptopu yangu nyembamba inafaa," anasema Mama. "Kidude kimoja kwa projekta, kingine kwa printa, mambo yameisha."

Yanaisha mpaka siku kidude kipotee. Apple ilijaribu njia hiyo mwaka 2016, ilipotoa MacBook Pro zenye matundu ya USB-C peke yake, ukiacha la hedifoni. Wateja wakatembea na mikufu ya vidude mifukoni. Mwaka 2021 kampuni hiyo hiyo ilirudisha HDMI na nafasi ya kadi ya kamera kwenye MacBook Pro zake za inchi 14 na 16. Kama mteja wa Chicago mwenye duka kila kona alichoka, mtu wa Rurambo ambaye duka lake liko chini ya mlima ana sababu zaidi ya kutaka matundu yawe kwenye laptopu yenyewe.

Katika hatua hii Fundi anatoa kadi yake ya mwisho: Linux. Anaisimulia kwa kuanzia kwenye printa, na si kwa bahati. Karibu mwaka 1980 maabara moja ya chuo cha MIT, Marekani, ilikuwa na printa ya leza ya Xerox iliyokuwa ikikwama karatasi. Mtaalamu wa programu Richard Stallman alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu karatasi ikikwama, lakini alinyimwa msimbo wake. Hasira ya printa hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyomsukuma kutangaza mradi wa GNU mwaka 1983, na pamoja na kiini alichokianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 ukazaliwa mfumo ambao leo mtu yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuutengeneza. Toleo lake moja maarufu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, linaitwa Ubuntu, neno ambalo wasemaji wa Kirundi ng'ambo ya Ruzizi hawahitaji kutafsiriwa.

Faida yake mezani ni hii: skana ya LiDE 20 ambayo Windows 11 haiijui, Linux inaijua. Watu waliandika dereva wake wenyewe na kumweka ndani ya mfumo wa skana uitwao SANE, na hakuna aliyekuja kumwondoa kwa sababu ya umri.

Mwalimu ameanza kutabasamu, lakini safari hii ni Mama anayeuliza swali la kifundi. "Na printa?" Fundi anakuna kichwa. Printa ya 1020 kwenye Linux inafanya kazi, ila ile programu ya ndani inayosubiriwa kila ikiwashwa ni mali ya HP na haiji na mfumo. Inabidi ipakuliwe kutoka intaneti siku ya kwanza. Mjini ni dakika chache. Mlimani, ambako mtandao ni wa kutafuta kilimani kwa kunyoosha mkono, siku hiyo ya kwanza inaweza kuwa mwezi. Zaidi ya hapo, wenzake Mwalimu wamezoea Word, na fomu wanazotumiwa zinakuja kwa Word na Excel. LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word na Excel kwenye Linux, inazifungua, lakini jedwali linaweza kuhama mahali pake.

Windows nayo imeanza kufuata njia ambayo haimfai mtu wa mbali. Septemba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba itaacha hatua kwa hatua kusambaza madereva mapya ya printa ya watengenezaji kupitia Windows Update. Printa mpya zinazoelewa lugha ya pamoja ya uchapaji hazitaathirika. Za zamani zitamtegemea mtu aliyehifadhi dereva kwenye flashi yake. Na Windows 10, ambayo wengi wanaiona kama kimbilio, iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025; walioomba wameongezewa mwaka mmoja wa viraka vya usalama, hadi Oktoba 2026. Kununua leo laptopu isiyoweza kupanda Windows 11 ni kununua mwisho wake pamoja nayo, isipokuwa umekusudia Linux tangu mwanzo.

Hapo mazungumzo yanaacha nadharia na kuingia dukani. Sehemu kubwa ya laptopu za bei nafuu zinazofika upande huu wa Ziwa Tanganyika ni za mkono wa pili. Fundi anapendekeza zile zilizokuwa za ofisi, maana kampuni zilidai matundu ya zamani kwa muda mrefu kuliko wateja wa nyumbani. Dell Latitude 5490 ya mwaka 2018 ina VGA, HDMI, matundu matatu ya USB ya kawaida, moja la USB-C na la waya wa mtandao. HP ProBook 450 G5 nayo ina VGA na HDMI, pamoja na pedi ya namba upande wa kulia. ThinkPad T480 haina VGA, ila ina betri mbili, na ya nje hutolewa na kubadilishwa bila kuizima laptopu. Hoja hiyo ya mwisho Mama anaipenda, kwa sababu ni hoja ya sola.

Kuna mtego kwenye mbili za kwanza. Zilitoka na prosesa za Intel za kizazi cha 7 na cha 8, na Windows 11 inakubali rasmi kuanzia cha 8, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Sura ya nje ni ile ile. Inabidi kusoma namba yenyewe: i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 8, chukua; i5-7300U, ni 7, rudisha mezani.

Na Mwalimu, ambaye hakusema sana tangu habari za Linux, ana jambo lake ambalo wengine wamelisahau: kibodi. Shule za Kongo zinaandika Kifaransa, na vidole vyake vimezoea AZERTY, yenye "é" yake kwenye kitufe cha 2. Laptopu zinazopitia Dubai au Dar es Salaam mara nyingi ni QWERTY. Mpangilio unabadilishwa ndani ya mfumo kwa dakika moja, lakini herufi zilizochorwa juu ya vitufe zinabaki kuwa za uongo, na anayeandika kwa kutazama atakosea kila jina la mwanafunzi. Kibodi yake ya zamani ya nje, ya USB, yatima wa nne asiyehesabiwa, ndiyo kifaa pekee mezani ambacho hakuna aliyekitetea wala kukishambulia, na kumbe ndicho kisicho na shida: kibodi na panya za USB zinaeleweka na kila mfumo bila dereva wa pekee. Aidha kwa pointi za wanafunzi mia kadhaa, pedi ya namba ni neema. Kwenye AZERTY namba za juu zinahitaji kushikilia kitufe cha Shift kila mara.

Basi hukumu ya meza hii ni hivi. Printa inabaki, mradi dereva wake wa biti 64 ahifadhiwe kwenye flashi mbili. Projekta inabaki bila masharti. Kibodi inabaki. Skana inamshinda Mwalimu na kumpa Mama ushindi wake: inastaafu, na karatasi zitapigwa picha kwa simu, isipokuwa Fundi akikubali kuiwekea laptopu Linux ubavuni mwa Windows. Laptopu ni ProBook 450 G5 au Latitude 5490 yenye prosesa ya kizazi cha 8. Kati ya hizo mbili, kwa kazi ya pointi, ProBook ina haki zaidi. USB-C ya Mama haikupotea: Latitude hiyo inakubali kuchajiwa kwa njia hiyo, na hilo lina uzito sola ikiwa ndiyo umeme pekee.

Wewe msomaji unayejiandaa kushuka Uvira, Bujumbura au Kigoma kununua laptopu, kwanza geuza kila kifaa chako chini-juu na uandike kwenye karatasi jina na namba ya modeli iliyoko kwenye kibandiko. Printa ikibebeka, ibebe pamoja na waya wake. Dukani, usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia: mwambie muuzaji aweke dereva mbele yako, aizime printa na kuiwasha tena, kisha achape ukurasa mmoja. Ukurasa huo ukitoka, toa pesa.